Kitunguu kinatoka vizuri, Havana inatoka kama kadi ya posta. Nakosea wapi?

KibaoKidogo

Habarini wadau wa rangi. Naomba msaada na naomba mniambie ukweli tu, msinivishe kilemba cha ukoka.

Mi nachora picha ndogo ndogo za rangi za mafuta, zile za sentimita 13 kwa 18, kibao kimoja jioni moja, naanza baada ya kula namaliza kabla sijalala. Nilianza miaka mitatu iliyopita kwa sababu sina studio, nina kona ya meza tu, na kibao kidogo hakigombani na mtu. Nachora vitu vya ndani: kitunguu, kikombe kilichovunjika mkono, ndala, sufuria iliyoungua chini, limau lililokatwa. Na hizo zinatoka, sijisifu ila zinatoka. Kuna moja ya kitunguu chekundu ganda limebanduka upande mmoja, kila anayeingia ndani lazima asimame pale aangalie.

Sasa mwaka huu nikapata bahati ya kwenda Kuba siku 11, Havana, Viñales na Trinidad (mji wa kulekule Kuba, sio kile kisiwa). Nimerudi na picha 600 na ushee kwenye simu na kichwa kimejaa rangi mpaka silali, nikasema mada ndo hii sasa, nikakaa chini nikachora 14. Wadau, zote 14 ni kadi za posta. Kuna Chevrolet ya pinki isiyo na paa imepaki mbele ya Capitolio, lile jengo la bunge, kuna mzee na sigara lake kubwa, kuna mtaa wa Trinidad nyumba ya njano nyumba ya buluu nyumba ya kijani, kuna machweo ya Malecón, ile barabara ya kando ya bahari, na mawimbi yanaruka ukuta. Ukizipanga mezani utadhani nimezinunua uwanja wa ndege. Mke wangu kaangalia ile ya gari kaniuliza "hii si ile ya kwenye kalenda?" Nikazigeuzia zote ukutani.

Kwaiyo naulizia, tatizo ni udogo wa kibao? Ni kuchora kutoka kwenye simu? Au rangi? Maana kwenye kitunguu natumia rangi 4 tu, Havana nimekamua kila tyubu niliyonayo. Ah na kingine kidogo, nyeupe yangu inakaa wiki nzima bado inashika kidole, ni kawaida au nimeuziwa mbovu?

FundiMwanga

Mkuu ushajijibu mwenyewe pale mwisho, hujajisikia tu. Kitunguu rangi 4, Havana tyubu zote.

Nianze na simu. Hizi simu za siku hizi zina tabia ya kusawazisha, zinapandisha kivuli zinashusha jua mpaka vinakaribia kulingana, afu zinakoleza rangi juu yake ili ufurahi. Ile picha unayoichora tayari ni kadi ya posta kabla hujagusa brashi. Jicho lako pale barabarani halikuona hivyo. Havana iko kama nyuzi 23 kaskazini, karibu kabisa na Tropiki ya Kansa, mwezi wa 6 mchana jua linakaa utosini, kivuli cha gari kinabaki kamstari tu chini ya tumbo lake. Na kwa vile kila ukuta una rangi na kila ukuta unapigwa jua, ukuta wa njano unarusha unjano wake kwenye kivuli cha jirani, kwaiyo vivuli vya kule vina joto ndani yake, sio vyeusi. Simu hiyo haijui. Ndo maana watu wanabeba kidaftari, unaandika tu "chini ya baraza: chungwa imekufa, pembeni zambarau", inatosha kuliko picha 600.

Haya gari sasa. Naweka dau ulichukua nyekundu ukatia nyeupe ukapaka mwili mzima, sehemu ya kung'aa ukaongeza nyeupe, kivulini ukaongeza nyeusi. Hapo umechora chombo cha plastiki. Gari ni bati lililopindwa na likapigwa polishi, yaani ni kioo kibovu, boneti inaangalia juu kwaiyo inabeba anga, ubavu unaangalia barabara kwaiyo unabeba lami na miguu ya wapita njia, pinki yenyewe utaikuta pale bati linapokunja tu, kama upana wa vidole viwili. Bampa la kromu hakuna rangi ya fedha mle, ni kijivu kizito, kijivu cha kati, na doa moja jeupe. Moja mkuu, sio saba. Changanya buluu ya altramarini na ile kahawia ya sienna iliyochomwa, ukizidisha buluu kijivu kinapoa, ukizidisha kahawia kinapata joto, na tyubu ya nyeusi iache kabatini.

Udogo hauna kosa, ila 13 kwa 18 haibebi Capitolio na gari na watalii na minazi kwa pamoja. Kitunguu chako kilijaza kibao kizima si ndio? Basi chukua taa moja ya mbele na nusu ya bampa, malizana na hapo.

Nyeupe ni kawaida. Rangi ya mafuta haikauki kama nguo, haitoi maji, inavuta oksijeni hewani inagandana polepole, na nyeupe ya taitaniamu ni mvivu hasa ukiipaka nene. Kahawia ya amba inawahi kukauka kwa sababu ina manganizi. Ndo maana unatanguliza kahawia nyembamba chini, nyeupe nene inaingia mwishoni.

BeiPoa

Mnamsumbua bure. Gari la pinki linauzika, mzee wa sigara anauzika, kitunguu nani ananunua?? Endelea hivyo hivyo kaka ongeza na bendera.

KibaoKidogo

Hahaha BeiPoa kitunguu kiliuzwa cha kwanza kabisa, na aliyekosa akaagiza kingine. Sina shida na kuuza, shida yangu hizo 14 nikiziangalia sikumbuki chochote. Kitunguu nikikiangalia nakumbuka mpaka harufu.

FundiMwanga asante sana, umenipiga palepale, nyeusi nilitia kweli.

MiakaSitaHavana

Nimeupita huu uzi mara mbili nikasema nisiseme, ila imenishinda.

Mi nilisoma Kuba, miaka 6, tulikuwa wengi wa skolashipu. Sijui kuchora hata mstari, ila nikuambie kitu kuhusu ulichokichora. Yale magari ya wazi ya pinki pale Parque Central na mbele ya Capitolio yanasubiri watalii. Yanaoshwa asubuhi, yanapakwa polishi, yanasubiri mtu kama wewe ayapige picha. Kwaiyo umechora kitu ambacho kazi yake ni kupigwa picha, sasa kitakosaje kufanana na kalenda?

Gari tulilopanda sisi linaitwa almendrón, eti kwa sababu limefura kama lozi. Ni Chevrolet au Plymouth ileile ya miaka ya 50, maana Marekani ilipofunga biashara na kisiwa mwanzoni mwa miaka ya 60 mapya yakakata, watu wakabaki wanatengeneza yaliyopo. Ila hilo la kwetu limepakwa rangi kwa brashi, ndio kwa brashi, ukikaribia unaona mistari ya manyoya kwenye mlango! Ndani lina injini ya dizeli iliyotolewa kwenye gari lingine kabisa, viti vimeshonewa ngozi ya bandia iliyopasuka ikazibwa na gundi. Linapita njia yake kama daladala, unasimama pembeni unaonyesha kwa mkono unaelekea wapi, na ukishuka dereva anakuangalia mkononi kabla hujagusa mlango, "suave, suave", taratibu, maana ule mlango hauna spea dunia nzima. Mi hadi leo nikishuka gari la mtu nafunga mlango kama nafunika mtoto.

We hukupanda hilo? Ulikaa kwenye kile kiti? Basi chora kile kiti.

Na vitu vya ndani si ndo unaviweza wewe, sasa kwanini ulipofika Kuba ukatoka nje? Ingia jikoni. Kuna cafetera, kale kabirika ka alumini ka ghorofa mbili, kila nyumba kanakaa juu ya jiko kameungua tako. Kahawa ikianza kutoka yale matone ya kwanza mama anayakimbiza kwenye kikombe chenye sukari, anapiga na kijiko haraka haraka mpaka inakuwa povu la rangi ya mchanga, wanaita espumita, ndo anamimina kahawa yote juu. Kahawa ya mgao wa serikali imechanganywa na njegere, ina ladha yake nyingine kabisa, nikirudi kwenye kahawa safi mwanzoni niliona kama kuna kitu kimepungua. Na pembeni ya jiko kuna libreta, kale kadaftari ka mgao, kapo tangu 1962, kamekunjika pembe na kana duara la kikombe juu yake. Hayo mambo matatu kwenye kibao kimoja ni Kuba nzima, bila gari.

Kuna na domino. Havana wanacheza seti ya tisa kwa tisa, mawe 55, watu wanne kila mmoja anachukua 10, mawe 15 yanalala kifudifudi pembeni hakuna anayeyajua. Huko mashariki, Santiago, wanacheza ya sita kwa sita, mawe 28, na watu wa pande hizi mbili hawaishi kubishana. Watalii wanapiga picha nyuso za wazee. Mi ninachokumbuka ni mikono, na meza iliyolika katikati kwa kugongwa, na balbu moja, na umeme ukikatika, wanaita apagón, mtu anawasha mshumaa na mchezo hausimami.

Samahani nimeandika sana, nimekumbuka watu.

FundiMwanga

Usiombe samahani, hiyo ya mistari ya brashi kwenye mlango imenimaliza. Gari lililopakwa kwa brashi unalichora kwa brashi, manyoya yako yanafuata manyoya ya yule jamaa. KibaoKidogo kama huichori hiyo nitaichora mimi.

BeiPoa

Daftari la mgao nani ataweka sebuleni jamani 😂

MamaVibao

Wanangu habari zenu. KibaoKidogo, umerudi na boksi la zile sigara kubwa, lile la mbao?

Nauliza kwa sababu watu wamechora picha ndogo za mafuta kwenye mbao za maboksi ya sigara zamani sana, na sio watu wadogo. Kuna wale Wataliano wa Florence, Macchiaioli, miaka ya 1850 na 60 huko, walikuwa wanatoka na vibao vidogo nje wanachora doa la jua na doa la kivuli wanarudi, na vifuniko vya maboksi ya sigara vilikuwa vinawatosha. Seurat, yule mchoraji Mfaransa, naye kabla ya ile picha yake kubwa ya watu mtoni alichora vibao vingi vya kama sentimita 16 kwa 25, anashika mkononi. Na Melbourne, Australia, mwaka 1889 wachoraji Roberts, Streeton na Conder wakafanya maonyesho mazima ya vibao vya inchi 9 kwa 5, vingi ni vifuniko vya maboksi ya sigara, mhakiki wa gazeti moja akawashukia vibaya, wao wakachukua yale maneno wakayabandika mlangoni pa ukumbi watu wasome. Napenda sana hiyo.

Sasa boksi la sigara la Kuba linatengenezwa kwa ule mwerezi wao wenye harufu, cedro, mbao nyepesi, ya kahawia yenye wekundu kwa mbali. Ile rangi ya mbao ni zawadi, ni joto la kivuli alilokuambia FundiMwanga, limeshapakwa tayari. Usilifunike. Ila mbao hiyo ina mafuta yake na utomvu, ukipaka rangi moja kwa moja itakunywa mafuta yote rangi ibaki kama chaki, na utomvu unaweza kupanda juu baadaye. Bandua karatasi kwa maji ya uvuguvugu, acha ikauke siku mbili, piga msasa laini kidogo tu, afu paka vanishi ya shelaki nyembamba mara mbili mbele na nyuma, na nyuma pia mwanangu, ukipaka upande mmoja kibao kinapinda. Inabaki wazi unaiona mbao. Hapo unachora.

Na hilo la kadi ya posta, usidhani ni lako peke yako. Nenda katafute picha ya Gitana tropical ya Víctor Manuel, mchoraji wa Kuba, ya 1929. Ni mafuta juu ya mbao, kapicha kadogo, mwanamke kakaa kakuangalia, nyuma yake mti na maji kidogo, basi. Hamna gari hamna bendera. Na aliichora akiwa Paris! Wakuba wenyewe wanaichukulia kama uso wa uchoraji wao wa kisasa, iko Museo Nacional de Bellas Artes, makumbusho ya taifa ya sanaa pale Havana. Au Amelia Peláez, mchoraji mwingine wa Kuba, yule alikaa nyumbani kwao mtaa wa La Víbora miaka na miaka anachora meza, sahani ya matunda, samaki, nondo za dirisha, na vile vioo vya nusu duara vya juu ya milango vinavyoitwa mediopunto, vyekundu buluu na njano, vinavyomwaga rangi sakafuni jua likipita. Vitu vya ndani kwake tu. Ukiangalia huhitaji kuambiwa ni Kuba.

Ulilala nyumba za watu ulipokuwa Trinidad? Angalia kwenye hizo picha 600 kama kuna sakafu.

KibaoKidogo

Mama shikamoo. Boksi ninalo, lilikuwa na vifungo vya nguo ndani! Nimevimwaga.

Nipeni siku kadhaa.

MamaVibao

Marahaba. Haraka ya nini, shelaki ikauke.

KibaoKidogo

Nimerudi, siku 9 baadaye.

Nimepekua picha zote 600. Wadau aibu, sakafu hamna, jiko hamna, kiti cha gari hamna. Magari ya pinki 71, nimeyahesabu. Nikakaribia kukata tamaa, afu nikakumbuka kule Viñales tulilala kwa mama mmoja analima tumbaku na mumewe, asubuhi nikapiga picha ya mlima kupitia dirisha la jikoni, ile milima yao ya duara kama mkate ulioumuka, na chini ya ile picha, pembeni kabisa, imekatwa nusu na ukungu kidogo, kuna cafetera. Mkono wake wa plastiki uliyeyuka, wamefunga waya na kitambaa cha buluu. Hiyo nimesahau kabisa kwamba nilishaiona. Afu ghafla nikakumbuka vyote, yule mama alikuwa anashika kile kitambaa bila kuangalia, anakunja kidole kimoja mbali na waya kwa sababu unaunguza.

Nikafanya kama mama MamaVibao alivyosema, kifuniko cha boksi, shelaki mbele nyuma. Rangi nne: altramarini, sienna, njano ya oka, nyeupe. Alumini nilianza kuiona ya kijivu, kumbe ukiangalia haina kijivu hata kidogo, upande wa dirisha ni anga, upande wa jiko ni kahawia ya moto, na katikati kuna ukanda ambao nimeacha mbao yenyewe sijapaka kitu. Imekaa kama imepakwa! Nimekaa nacheka peke yangu saa 5 usiku. Kilichonitesa ni kale kawaya, nimefuta mara 6 na kidole, mwisho nikakakwaruza kwa nyuma ya brashi rangi ikiwa bado mbichi, ikatokea mbao chini, ndo ikawa waya.

Ila nimeharibu kitu kimoja, povu la kwenye kikombe nimelipaka nene sana kama siagi, na paka kapita juu ya meza kaweka mkia. Sasa espumita ina mstari. Nimeuacha.

Mke wangu kaangalia kimya, afu kaniuliza "huyu aliyefunga hiki kitambaa ni nani?" Hajauliza kuhusu kalenda.

Swali la mwisho, inang'aa sehemu nyingine na nyingine imefubaa, nipige vanishi lini?

MiakaSitaHavana

Kitambaa cha buluu. Mama mwenye nyumba wangu alifunga soksi.

FundiMwanga

Mkia wa paka usiuguse kabisa.

Kufubaa ni mafuta yamezama kwenye mbao, hasa pale kahawia nyembamba. Sio ugonjwa. Vanishi subiri, iliyopakwa nyembamba miezi 6, na kwa povu lako la siagi ningesema mwaka. Kabla ya hapo ukitaka kuona rangi yake halisi paka tone la mafuta ya kitani pale palipofubaa, sugua na kidole, futa yaliyobaki.

BeiPoa

Sawa nimekubali kabirika kazuri. Bei gani?

KibaoKidogo

Haliuzwi hilo kaka. Nakuachia gari la pinki, yapo mawili.

MamaVibao

Vizuri mwanangu. Ila umesema umefuta mara 6, sasa hicho kitambaa ulichofutia kidole kiko wapi? Kitambaa chenye mafuta ya kitani usikikunje ukakitupa kwenye kona, yale mafuta yakivuta hewa yanatoa joto, na likikosa pa kutokea kitambaa kinawaka chenyewe bila kiberiti. Kianike kimetandazwa nje au kitie kwenye kopo la maji.

KibaoKidogo

Mama kilikuwa chini ya meza kimekunjwa, na boksi la vifungo juu yake. Nimeshatoka nacho nje.